Aliyezima Imeili za Mzee Lipande

Salma mwanangu,

Ya masweta na mablanketi mama yako keshayamaliza, na ya kwamba Mbeya hakutembelewi kwa kandambili umeyasikia mpaka umechoka. Mie sitarudia. Nyie mmeenda Tegeta kumuaga shangazi yako, nimebaki dukani peke yangu, wateja wameisha, na hii nafasi sitaipata tena kabla hujaondoka kesho. Ninaandika kwa mkono kwa sababu nikikaa kwenye kompyuta nitafuta-futa mpaka ibaki salamu tupu.

Jumapili ile ulipokuwa uani unaongea na simu na yule bosi wako mpya, nilikuwa bombani nanawa. Hukuniona. Nilikusikia unamwambia, "Kila kitu naweza, bosi. Kompyuta za watu, printa, mtandao wa ndani, sawa. Ila mambo ya domeni na DNS naomba apewe mtu mwingine. Niliwahi kuharibu." Ukacheka kidogo, halafu ukasema tena, "Niliharibu sana, bosi, bora niwe mkweli."

Hukuharibu, Salma. Ni mie.

Nimeliandika hilo mapema ili hata ukikasirika ukaikunja barua hapa hapa, uwe umeshalipata lile unalolihitaji. Imeili za Mzee Lipande nilizizima mie. Wewe hukugusa kitu kibaya siku ile. Nilijua tangu siku yenyewe, nikanyamaza, na nimenyamaza miaka yote hii huku nakuona unaiogopa kazi ambayo una mikono nayo kunishinda.

Sasa nieleze vizuri. Mama yako naye ataisoma hii, maana naye nilimdanganya, na yeye mambo ya DNS hayajui. Kwa hiyo vumilia nikieleza vitu unavyovijua.

Mama Salma, jina la tovuti, yaani domeni, ni jina tu. Lenyewe halina kitu ndani. Mtu akiliandika kwenye simu yake, kuna mahali simu inakwenda kuuliza: huyu mwenye jina hili yuko wapi? Majibu yamepangwa mistari mistari, na kila mstari unaitwa rekodi. Rekodi moja inasema tovuti iko kwenye kompyuta fulani. Nyingine, inaitwa MX, inasema imeili za watu hawa zipelekwe mahali fulani. Hizo sehemu mbili zinaweza kuwa kwa kampuni mbili tofauti kabisa, tovuti huku, imeili kule. Sie mafundi tunaziandika rekodi hizo kwenye ukurasa unaoitwa paneli. Ukikosea mstari mmoja, hakuna kinachowaka moto wala kulia. Kinaharibika kimya kimya.

Basi Mzee Lipande unamkumbuka alivyokuwa. Fundi wa vinyago, mtu wa Newala, banda lake na wenzake lilikuwa nyuma ya soko. Wakati ule umemaliza fomu foo, unasubiri matokeo, unakaa dukani na mie. Yeye simu yake ilikuwa ya tochi, imeili alikuja kusomewa hapa. Anaingia na vumbi la mpingo kwenye nyusi, ananipita mie kana kwamba mie kabati, anakwenda kwako.

"Mjukuu, wazungu wangu wanasemaje?"

"Shikamoo babu. Kuna mmoja anauliza bei ya kile kirefu cha watu wamebebana."

"Marahaba. Mwambie bei ileile."

"Anaomba umpunguzie, babu. Anasema yeye ni mteja wa zamani."

"Mteja wa zamani ndo aongeze! Si anajua kazi yangu? Muandikie hivyo, kwa adabu."

Nawe unaandika, kwa kile kiingereza chako kilichonyooka, unamsomea kwa Kiswahili, anatikisa kichwa. Akitoka ndo ananikumbuka. "Haya, Injinia wa vyeti vya kuzaliwa, tuonane." Kwa sababu kazi yangu kubwa ilikuwa kutoa kopi, na yeye alijua.

Lakini watu wengine walikuwa wananiita Injinia bila utani. Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipo. Mie nimeishia fomu foo, tena ya shida, Temeke. Kompyuta nilijifunzia Kinondoni, kwenye kibanda cha intaneti, nikiwa nafagia na kuwashia watu mashine. Bosi wangu pale alikuwa na jibu moja tu kwa kila mteja: "Mtandao leo uko chini, kaka." Waya umechomoka, mtandao uko chini. Amesahau kulipia, mtandao uko chini. Kakalia kibodi kaivunja, mtandao uko chini. Nilikuwaga nacheka. Baadaye nilipofungua duka langu hapa Boko nikajikuta nasema yaleyale, ila langu lilikuwa la kisasa zaidi. Mie nilikuwa nasema, "Subiri isambae."

Wewe unajua, na mama yako nimweleze. Ukibadilisha rekodi, dunia nzima haioni papo hapo. Kompyuta nyingi huwa zinakumbuka jibu la zamani kwa muda fulani, mpaka muda huo uishe ndo ziulize upya. Kwa hiyo huyu anaona tovuti mpya, jirani yake bado anaona ya zamani. Ni kweli kabisa, inatokea. Na kwa sababu ni kweli, ndo maana ni pazuri mno pa kujificha. Mteja akija analalamika, unamwambia subiri isambae, anaondoka anakuheshimu kabisa. Yeye anakwenda kusubiri, wewe unarudi kutafuta ulikosea wapi. Au hutafuti.

Tovuti ya kina Mzee Lipande ilikuwa nzito. Picha za vinyago zilikuwa zinafunguka kama mtu anapandisha pazia la chuma. Nikawaambia nitawahamishia kwenye kampuni nyingine nzuri zaidi. Wakakubali. Kazi yenyewe ndogo. Unafungua paneli ya zamani, unanakili rekodi zote, mstari kwa mstari, unaziandika kwenye paneli mpya. Unahakikisha. Halafu mwisho kabisa ndo unabadilisha zile seva za majina, yaani unaiambia dunia: kuanzia leo msiende kuuliza kule, njooni muulize huku.

Mie nilianza na hilo la mwisho. Ilikuwa siku ya mechi ya watani. Watu walishajaa kwenye televisheni kwa jirani yetu Kidevu wanapiga kelele, nami nilikuwa nimeshamuahidi Mzee kwamba siku hiyo namaliza. Nikabadilisha seva za majina kwanza, nikapakia tovuti, nikaifungua kwenye simu yangu, ikaja, tena haraka. Nikasema poa. Nikafunga mlango nikaenda kutazama mpira.

Imeili zao hazikuwa kwenye kampuni niliyotoka wala niliyokwenda. Zilikuwa kwa watu wengine kabisa, na njia yake ilikuwa ni ule mstari mmoja wa MX kwenye paneli ya zamani, ambao sikuunakili. Na hizi paneli mpya zina tabia moja. Usipoiambia imeili ziende wapi, inajijazia yenyewe: zije hapa hapa kwangu. Basi zikawa zinakwenda pale. Na pale hakuna aliyewafungulia kina Mzee sanduku la imeili. Kila barua ilikuwa inafika, inaambiwa huyu mtu hapa hayupo, inarudishwa kwa aliyeiandika.

Nataka ukumbuke ulichofanya wewe, kwa sababu nadhani umekisahau, na mie sijakisahau.

Siku chache baadaye Mzee alikuja, ukafungua, hakuna kitu. Akaja tena, hakuna kitu. Alipotoka ukaniambia, "Baba, hii imeili ya babu ina kasoro."

Nikasema, "Watu hawajamwandikia tu."

"Sawa watu. Lakini hata takataka hakuna. Yale matangazo ya dawa za nguvu za kiume na bahati nasibu, kila siku nafutaga kama kumi. Tangu umehamisha sijafuta hata moja."

Nilikuwa nakata lamineti. Sikuinua hata uso. Nikakuambia, "Salma, DNS inasambaa. Subiri isambae."

"Baba, si tovuti ilishakuja siku ileile?"

"Unanifundisha kazi?"

Ukarudi kwenye kibodi yako. Binti wa fomu foo, hujafundishwa na mtu, uliona kwa kukosekana kwa takataka kitu ambacho wanaolipwa mishahara wanakikosa. Mie nilijibu kwa ukali kwa sababu nilipokusikia tu, nilishajua una haki. Ingenichukua muda mfupi kufungua paneli na kuangalia. Sikufungua. Nilikuwa naogopa kukuta.

Halafu nikakupa ile kazi. Mzee alikuwa anataka banda lao litokee vizuri kwenye ramani ya simu, na ili wakubaliwe kuwa tovuti ni yao, ilibidi iongezwe rekodi moja ya maandishi kwenye paneli, hizi zinazoitwa TXT. Nikakupa paswedi, nikakuonyesha pa kubonyeza, ukaiweka. Uliiweka sawasawa. Ulikuwa umefurahi, ukamwambia mama yako mezani kwamba leo umegusa DNS.

Baada ya hapo ndo likapasuka. Kuna mnunuzi wao wa siku nyingi, alikuwa anataka oda kubwa ya vinyago vya hoteli. Kina Mzee walikuwa wameshakusanya mpingo kwa ajili yake, wanasubiri tu aandike neno la mwisho. Ameandika, imerudi. Ameandika tena, imerudi. Akaona hawa watu wamefunga kazi, akachukua kwa wengine. Mzee alikuja kuyajua haya kwa mdomo, mwenzake mmoja alikutana na dereva aliyepeleka mzigo wa hao wengine bandarini.

Siku hiyo alipoingia hakukuita mjukuu.

"Injinia! Barua zangu zinarudishwa kama mkopo wa duka! Mwanangu, nani kaziziba?"

Nilifungua paneli mbele yake. Nikaona palepale. Ule mstari wa MX, neno moja tu, lile ililojijazia paneli yenyewe. Nilijua nimefanya nini na nilijua lini. Nikaandika ule sahihi, nikahifadhi, na mikono yangu ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa. 

"Nakuuliza. Nani kagusa hapa?"

Wewe ulikuwa umesimama karibu na mashine ya kopi.

Nikasema, "Mzee, samahani sana. Huyu mtoto aliingia humu majuzi kuweka kile kitu cha ramani."

Hayo ndo maneno yangu, sijayaongeza wala kuyapunguza. Ukiyapima moja moja hakuna la uongo. Uliingia. Majuzi. Kuweka kitu cha ramani. Sikusema wewe ndo uliyeharibu, niliyapanga tu, Mzee akamalizia mwenyewe kichwani. Nawe ukamalizia, maana ile kasoro uliyoiona kabla nilishakuambia ni kusambaa tu. Nilikuona ukishika mdomo. Ukasema, "Baba, mie? Niliongeza tu." Nikakujibu kwa upole, na upole ule ndo unaniumiza kuliko kama ningekupiga: "Najua hukukusudia."

Kwa nini nilifanya hivyo? Nimejiuliza sana, na jibu ni dogo, halina hata heshima ya kuwa jibu. Mtoto akikosea watu wanasema ni mtoto, anajifunza. Fundi akikosea watu wanahama. Nusu ya wateja wangu wa tovuti niliwapata kwa mdomo wa Mzee Lipande, pale msikitini na pale sokoni. Nilipiga hesabu hiyo haraka kuliko ninavyopiga hesabu ya chenji. Nikaona wewe utasamehewa. Na kweli ulisamehewa, kwa kosa lisilo lako.

Jioni yake nikabadilisha paswedi ya paneli. Nilikuambia mpaka utulie kwanza, ujifunze taratibu. Ukaona ni adhabu, ukakubali. Haikuwa adhabu. Nilikujua. Ungekaa, ungeingia tena, ungeongeza TXT nyingine ya kujaribu, ungeona ule mstari wa MX umekaa palepale haujatikisika. Kuongeza rekodi moja hakufuti nyingine. Ungejua ndani ya dakika moja kwamba si wewe, na swali lingebaki ni nani. Kwa hiyo nikakufungia mlango usije ukajiuliza.

Ile ya kukupeleka bandani kwake kuomba radhi sikuipanga. Ni mama yako aliyesema, "Mtoto kamkosea mzee wa watu, mpeleke akaombe radhi, ndo adabu." Alikuwa na haki, kwa alivyoelezwa. Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikuwa nakunywa chai. Nikamaliza chai, nikawasha pikipiki, nikakupakia.

Mie nilisimama kwenye nguzo ya banda. Wewe ulikwenda mbele, ukapiga goti kwenye zile takataka za mbao, ukasema, "Shikamoo babu. Nimekuja kuomba msamaha, nilikuharibia." Wachongaji wote wakaacha kugonga. Mzee akakutazama, akasema, "Marahaba. Yamepita, binti. Ila vitu vyangu usivishike tena." Akakuita binti. Ulipanda pikipiki nyuma yangu, tukarudi nyumbani. Tulipofika ukaniambia, "Asante baba kwa kunisindikiza."

Nimeishi na hiyo asante mpaka leo.

Chuoni ulichagua mambo ya kurekebisha mashine, ukaacha ya seva. Watu wakaniuliza mbona binti yako mwenye akili vile kachagua vile. Nikasema, "Ndo anachopenda." Mzee alihamia kwa fundi mwingine Tegeta. Wateja wengine wakabaki, kama nilivyopiga hesabu. Duka likaenda. Ada yako ya chuo ilitoka humu humu, na hilo nalo nililitumia kujiliwaza: si namsomesha? Usilikubali hilo nikija kulisema siku nikizeeka. Ada ilikuwa deni langu kukulipia, wewe ni mwanangu. Halifuti kitu.

Juzi nilikwenda kwa Mzee Lipande. Kazeeka, mguu mmoja unamsumbua, lakini bado anapiga msasa mwenyewe.

"Injinia. Leo njia imekupoteza?"

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kaa, angalia usikalie patasi."

Nikamweleza yote. Alikuwa anaendelea na msasa. Nilipomaliza akasema, "Hebu rudia." Nikarudia. Safari hii msasa ukasimama.

"Kwa hiyo yule mtoto alipopiga goti hapa, wewe umesimama pale kwenye nguzo."

"Ndiyo mzee."

"Unachezea funguo za pikipiki."

"Ndiyo."

"Na mie nikamjibu vile nilivyomjibu."

Akapuliza vumbi kwenye kinyago. Akasema, "Sikiliza. Oda ile tulishaizika. Ule mpingo tulichonga vibanio vya nywele na mikono ya vijiko, tukala, tukalala. Wewe nilikuhama, nikaona yameisha. Lakini kumsingizia mtoto wa watu..."

"Mtoto wangu, mzee."

"Ndo kinachoniudhi hicho! Angekuwa wa watu ningesema, haya, binadamu tuna roho mbaya. Wako mwenyewe! Wa kumzaa!"

Kijana mmoja pembeni akasema, "Babu, taratibu, presha." Akamwambia, "Presha ninayo tangu hujazaliwa, gonga kazi."

Kisha akaniuliza, "Mwenyewe anajua?"

"Bado."

"Umeanza kuja kwangu?"

"Niliona nianze na wewe, wewe ndo uliyepata hasara."

"Hapana. Umekuja kufanyia mazoezi kwangu. Mie sikupigishwa goti na mtu. Anaondoka lini?" Nikamwambia. "Basi akipanda hilo basi hajui, nakuja Mbezi stendi na huu mguu wangu, namwambia mie, mbele ya abiria. Na ukimwambia, mwambie babu yake anamuomba radhi, namba yangu ni ileile. Haya, ondoka, unanizibia mwanga."

Nilimpa mkono. Hakuupokea. Niliondoka nikaona ni haki.

Sasa kuhusu kazi, kwa sababu unaiendea na mie kazi hii ndo urithi nilio nao. Siku utakayohamisha domeni ya watu, usiiamini akili yako. Fungua ya zamani, nakili kila mstari, hata usioujua ni wa nini. Hasa usioujua. Punguza ule muda wa kukumbukwa rekodi siku moja kabla, ili hata ukikosea, kosa lisikae sana. Ukishahamisha, usiangalie tovuti tu ukaridhika, tovuti ndo kitu cha kwanza kila mtu anaangalia. Tuma imeili kutoka nje, ijibu, itume tena. Na uulize wanaoisoma kila siku wanaona nini, maana aliyekuwa anaisoma ya Mzee alikuwa wewe, na wewe uliniambia.

Na hiyo "subiri isambae" utaisema tu, huwezi kuikwepa. Ila iseme ukiwa umeshaangalia. Mie nilikuwa naisema ili nisiangalie.

Ukikosea, na utakosea, maana hakuna asiyefuta mstari siku moja, sema siku hiyohiyo, kabla hujapata muda wa kupanga maneno. Mie sikushindwa kusema ukweli kwa sababu ulikuwa mgumu. Siku ile ulikuwa mwepesi, neno moja: nimesahau. Ulikuja kuwa mzito baadaye, kila nilipoupita. Ukashikana na goti lako, na ada, na chuo, na kila mara uliposema "mie DNS sigusi" nikaitikia kwa kichwa.

Yule bosi wako mpigie ukifika, au kabla. Mwambie za domeni nazo unaweza. Akiuliza mbona ulisema vile, mwambie ulipewa taarifa isiyo sahihi. Jina langu si lazima, lakini ukilitaja sina neno.

Nilikuwa nimepanga kuichomeka hii barua pembeni ya begi, uje uikute Mbeya unapotoa nguo. Nilishaandika nusu nikiwa na mpango huo. Halafu nikaona ni yaleyale: nifanye kosa, halafu lijulikane mie nikiwa mbali na wewe ukiwa peke yako. Kwa hiyo hapana. Nitakupa mkononi kesho asubuhi baada ya chai, kabla ya kutoka. Nimeiambia bajaji ije nyuma kidogo ya saa tuliyopanga ili usisome kwa haraka.

Usinionee huruma kwa sababu ni siku ya safari. Usiniambie yamepita, kama bado hayajapita. Ukitaka kuuliza, uliza, hata mbele ya mama yako, nitajibu kila kitu, na hakuna hata moja nitakalosema sikumbuki. Ukitaka kugomba, gomba. Kama hutaki nikusindikize Mbezi, mama yako atakwenda nawe, mizigo nitaipakia tu mlangoni, nibaki. Sitanuna. Na kama utanyamaza, nitakaa na huo ukimya, sitaujaza maneno.

Mie asubuhi nina tabia, mambo yakiwa mazito nasema naenda kufungua duka. Kesho duka halifunguliwi. Nitakaa kile kiti cha ndani, cha ukutani, wewe ukae upande wa mlango.

Soma taratibu.

Baba yako.